Kumfundisha Roboti Kusimulia kwa Mwili: Kima na Papa kwa Mota Nne

Roboti wengi wanaowekwa mbele ya watoto ili wasimulie hadithi hawasimulii. Spika ndiyo inayosimulia, wao wanapunga mikono. Mkono unapanda, unashuka, kichwa kinakwenda huku na huku, na ukiziba masikio huwezi kujua kama mambo yameharibika au yametengemaa. Mwongozo huu ni wa kujenga roboti mdogo wa mezani mwenye mota nne tu, ambaye hata ukimzimia sauti mtoto ataweza kukuambia nani aliingiwa na hofu, alitazama wapi, na wakati gani alipata hila ya kujiokoa.

Hadithi nitakayoitumia ni ya kima na papa, ile ambayo Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 miongoni mwa hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Kima anakaa juu ya mkuyu ufukweni, anamtupia papa matunda kila siku. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Wakifika katikati ya bahari, papa anamwambia ukweli: sultani wao mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini, warudi wakauchukue. Wakifika anarukia tawi na hashuki tena.

Nimeichagua kwa sababu uzito wake wote uko mahali pamoja: muda kati ya kima kusikia habari ile na kufungua mdomo kudanganya. Hapo hakuna neno lolote. Kuna mwili tu.

Hatua ya 1: Mtazame msimuliaji bila sauti

Kabla hujanunua waya hata mmoja, tafuta mtu anayejua kusimulia na umwombe umrekodi video kwa simu. Si lazima awe mwigizaji. Shangazi, jirani, yeyote ambaye watoto humsogelea akianza "Paukwa". Kisha itazame video hiyo mara tatu huku sauti imezimwa na kalamu iko mkononi.

Mimi nilimrekodi bibi yangu. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo huku anasimulia, na vidole vyake havikupumzika tangu mwanzo wa hadithi. Alipofika pale pa "sultani wetu hawezi", vidole vilisimama juu ya ungo, havikugusa hata punje moja. Akageuza uso akatazama mlangoni. Mlangoni hapakuwa na kitu, lakini mimi niliyekuwa nimeshika simu nilitazama mlangoni pia, na video inaonyesha wazi jinsi picha ilivyoyumba kuelekea huko.

Niliporudia kuitazama polepole, niliona mpangilio ambao tangu hapo sijauacha. Macho hutangulia, kichwa kinafuata, bega na mkono huja mwisho. Na mkono nao huanza safari kabla ya neno lake: kabla bibi hajasema "kule juu", mkono ulishaondoka pajani. David McNeill wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mikono ya watu wanaosimulia, alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1992: kilele cha ishara hufika pamoja na neno au kabla yake kidogo, ni nadra kije baada yake. Roboti wengi hufanya kinyume, kwa sababu mtengenezaji huanzisha sauti kwanza ndipo akaiamuru mota. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi, ila ataona kitu kimepwaya.

Andika ulichokiona kwa maneno ya kawaida kabisa: "anasimamisha vidole", "anatazama mlango", "anavuta pumzi kabla ya kujibu". Orodha hiyo ndiyo utakayoigeuza kuwa mwendo wa mota.

Hatua ya 2: Chagua viungo vinne

NAO, roboti wa sentimita 58 ambaye ametumika sana kwenye maonyesho ya jukwaani, ana viungo 25. Wewe vinakutosha vinne:

- shingo kugeuka kushoto na kulia
- shingo kuinama na kuinuka
- kiuno kuegemea mbele na nyuma
- bega moja, la mkono wa kulia

Mkono wa kushoto uufunge kwa kitambaa, au umpe ashike kitu. Mwanzoni nilikuwa naweka mikono miwili, na kila mara ilipanda pamoja kama ya mtu anayeomba dua. Mkono mmoja unakulazimisha uamue lini utumike.

Kwa shingo na bega, servo ndogo (mota zinazokwenda kwenye pembe unayoziamuru na kukaa hapo) aina ya SG90 zinafaa. Kila moja ina gramu 9, na nguvu yake ni kama kilo 1.8 kwenye sentimita moja kutoka kwenye mhimili. Maana yake ni kwamba mkono wenye urefu wa sentimita 10 unaweza kubeba gramu 180 tu nchani, na hapo mota iko ukingoni mwa uwezo wake. Usivuke hata theluthi ya kiasi hicho. Kiunoni weka kubwa zaidi, MG996R, yenye meno ya chuma, kwa kuwa inabeba kila kilicho juu yake. Mwili wenyewe unaweza kuwa boksi la kadibodi ngumu au vipande vya mbao nyembamba, umeshikiliwa kwa gundi ya moto na skrubu ndogo.

Hatua ya 3: Kichwa chenye pua

Usitengeneze uso wa binadamu. Masahiro Mori wa Japani aliandika mwaka 1970 kwamba roboti akikaribia mno kufanana na mtu bila kufikia, watazamaji huingiwa na kinyaa badala ya kumpenda. Tengeneza kinyago. Paka tabaka za gazeti zilizolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano juu ya puto, acha zikauke siku mbili juani, kisha pasua puto.

Macho yasiyosogea yanatosha ukiyachimba ndani kidogo na kuyapaka rangi nyeusi, kwa sababu kivuli kitabadilika kila kichwa kikiinama. Lakini pua iwepo, tena ndefu. Pua ndiyo mshale wa macho. Mtoto aliyekaa mita nne kutoka kwa roboti haoni mboni, anaona pua imeelekea wapi.

Sasa kazi ndogo ambayo wengi huiruka. Pitisha spoku ya baiskeli kwenye kichwa, pale mhimili utakapokaa, uone kinaangukia upande gani. Kwa sababu ya pua kitaangukia mbele. Bandika sarafu kisogoni, moja au mbili, mpaka kikae sawa bila kushikwa. Kichwa kisichosawazishwa huilazimisha mota kukishikilia muda wote, nayo hulia *zzzz*. Mlio huo utaua ule ukimya tunaoutafuta katikati ya bahari.

Hatua ya 4: Umeme

Hapa ndipo roboti wengi wa kwanza hufia. Bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo itakayoziamuru mota, haiwezi kuzilisha mota hizi umeme, na USB ya kawaida ya kompyuta hutoa ampea 0.5 tu. Mota kubwa ya kiuno peke yake inaweza kuvuta zaidi ya ampea 2 ikikwama. Tumia adapta ya volti 5 yenye ampea 4 au 5, iende moja kwa moja kwenye mota. Bodi ibaki na umeme wake kutoka USB. Unganisha waya wa hasi wa adapta na ule wa bodi, la sivyo mota zitatetemeka ovyo. Karibu na mota, weka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya mikrofaradi 1000, ukiangalia upande wa hasi na wa chanya usije ukaipasua.

Kabla ya kufunga skrubu ya kile kipande cheupe cha plastiki juu ya mota, iamuru mota ikae katikati, nyuzi 90, ndipo ukifunge. Ukifunga kwanza, utagundua baadaye kwamba roboti wako anaweza kutazama kulia lakini kushoto hafiki.

Hatua ya 5: Mpe pumzi kabla ya ishara yoyote

Watengeneza vikaragosi wa Handspring Puppet Company wa Cape Town hufundisha pumzi kabla ya mengine yote: kikaragosi asiyepumua ni mti. Familia ya Jaquet-Droz, watengeneza saa wa Uswisi, walilijua hilo tangu karne ya 18. Mwanasesere wao mpiga kinanda, ambaye bado yuko kwenye makumbusho ya Neuchâtel, kifua chake hupanda na kushuka anapopiga.

Roboti wako atapumua kwa kiuno. Mwegemeze mbele nyuzi 3 kisha mrudishe, mzunguko mzima uchukue sekunde 4. Hizo ni pumzi 15 kwa dakika, sawa na mtu mzima aliyetulia. Nyuzi 3 zinaonekana ndogo, lakini bega lililo sentimita 20 juu ya kiuno litasogea karibu sentimita nzima, na macho ya watu huliona hilo hata wasipojua wanachokiona.

Katika programu, tumia amri ya `writeMicroseconds` badala ya `write`. Ile ya pili huhesabu kwa nyuzi nzima, na pumzi itakuwa ya kuruka kama saa ya ukutani. Nyuzi moja ni kama mikrosekunde 10 au 11 za urefu wa ishara inayotumwa kwa mota. Na usitumie `delay` popote, kwa kuwa ukisimamisha programu umeisimamisha na pumzi. Soma saa ya bodi kwa `millis` na ukokotoe kila kiungo kinapaswa kuwa wapi wakati huo.

Pumzi ikishafanya kazi, umepata chombo chako kikubwa kuliko vyote, maana sasa unaweza kuikatiza.

Hatua ya 6: Lainisha mwendo, kisha uupe tabia

Servo ikiachwa yenyewe hukimbia kwa kasi yake yote na kusimama ghafla. Viungo vya kiumbe hai huanza polepole, huchanganya katikati, hupunguza mwishoni. Kanuni hii inatosha:

pembe = A + (B − A) × (1 − cos(π × t ÷ T)) ÷ 2

A ni pembe ya kuanzia, B ya kuishia, t ni muda uliopita, na T muda wote wa mwendo.

T ndiyo tabia. Geuza kichwa nyuzi 40 kwa milisekunde 300, umepata kima. Geuza nyuzi zilezile kwa milisekunde 1500 huku kiuno kimeegemea mbele, umepata papa. Sikubadilisha sura wala sauti, na watoto hawakuuliza nani anazungumza. Kima wangu humalizia kila mgeuko kwa kukiinamisha kichwa kidogo kama anayepima umbali. Papa hafanyi hivyo kamwe. Kichwa chake hukaa chini na kuyumba taratibu kama kitu kinachoelea.

Hatua ya 7: Chora ramani ya jukwaa, kisha andika mapigo

Amua mkuyu uko wapi. Kwangu uko kushoto kwa roboti, juu, nyuzi 35. Kwao papa ni kulia, chini. Kima akizungumza na papa hutazama chini kulia, papa akijibu hugeukia kushoto, kichwa kikiwa chini. Ramani hii usiibadilishe mpaka hadithi iishe. Ukimtazamisha mti kushoto dakika ya kwanza na kulia dakika ya tatu, umeung'oa mti mbele ya watu.

Kisha gawanya hadithi kwenye sentensi, na kila sentensi uiandikie mapigo yake, yaani mwendo gani utokee sekunde ya ngapi. Hiki ndicho kipande cha katikati ya bahari kama nilivyokiandika, baada ya kukifuta mara nyingi:

- 0.0 – Papa. Kiuno mbele nyuzi 12, kichwa chini, kinayumba. Sauti: "Sultani wetu hawezi. Dawa yake ni moyo wa kima."
- 4.2 – Kiuno kinarudi wima kwa milisekunde 900. Sasa ni kima. Kichwa kinatazama chini kulia, kwa papa.
- 5.1 – Pumzi inakatika. Hakuna kinachosogea.
- 6.9 – Kichwa peke yake kinageuka kushoto kuelekea mkuyu, polepole, milisekunde 1400. Mkono haujaguswa.
- 8.3 – Kimesimama hapo. Nusu sekunde.
- 8.8 – Pumzi moja ndefu, nyuzi 5 badala ya 3.
- 9.8 – Kichwa kinarudi kwa papa haraka, milisekunde 300. Mkono unaanza kupanda kifuani.
- 10.1 – Sauti: "Moyo? Mbona hukuniambia tukiwa pwani?"
- 13.0 – Mkono unaondoka kifuani kuelekea mtini. Milisekunde 300 baadaye, sauti: "Nimeuacha kule."

Tazama hapo kati ya 5.1 na 6.9. Hizo ni karibu sekunde mbili bila mota yoyote kufanya kazi, na ndizo zilizonigharimu muda mwingi zaidi. Nilipoweka sekunde moja, watoto hawakushtuka. Nilipoweka tatu, mmoja alisema betri imekwisha. Kwa kuwa roboti amekuwa akipumua tangu mwanzo, kukatika kwa pumzi kunasikika kama mtu aliyebana roho. Asingekuwa na pumzi, kusimama huko kungekuwa kusimama kwa mashine tu.

Tazama pia kwamba kima anautazama mkuyu kabla hajasema lolote kuhusu mti. Uwongo unazaliwa hapo, mbele ya macho yetu. Mtoto mwenye akili nyepesi anaujua kabla ya papa.

Sehemu nyingine za hadithi huhitaji mapigo machache sana. Matunda yanapotupwa, mkono mara mbili, basi. Safari ya kwenda, kiuno kiyumbe tu kama aliyepanda ngalawa.

Hatua ya 8: Sauti

Rekodi sauti ya mtu, si ya kompyuta. Chumba chenye magodoro na nguo nyingi kinafaa kuliko sebule tupu. Kata kila sentensi iwe faili yake, zipe majina 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea, uziweke kwenye memori kadi ndani ya folda iitwayo mp3, ichezwe na kifaa kidogo kiitwacho DFPlayer Mini. Kwenye pini yake ya RX, inayopokea amri kutoka kwenye bodi, weka kizuizi cha ohmu 1000 kupunguza kelele.

Kifaa hiki huchelewa kidogo kuanza baada ya kuamriwa, na ucheleweshaji huo huharibu mpangilio wa mkono na neno. Kina pini iitwayo BUSY ambayo hushuka sauti inapoanza. Hesabu muda wa mapigo ya sentensi tokea hapo. Kwa ishara inayotangulia neno, acha ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, nusu sekunde hivi, ili mkono upate nafasi ya kuondoka.

Usione vibaya sauti kutoka kwenye spika iliyo kando. Katika bunraku, maigizo ya wanasesere ya Japani, watu watatu humwendesha mwanasesere mmoja mbele ya hadhira, na msimuliaji hukaa pembeni na mpiga shamisen, ala ya nyuzi. Mwili ukiwa mkweli, watu huipeleka sauti wenyewe kwa mwanasesere.

Hatua ya 9: Paukwa

Hadithi yetu haianzi mpaka hadhira iitikie, na roboti asiyengoja "Pakawa" amewakosea heshima waliokaa mbele yake. Nilijaribu kihisi cha sauti. Kilisikia feni, kikasikia pikipiki nje, kikaanza hadithi peke yake. Sasa natumia kitufe chenye waya mrefu, nimekishika mimi nikiwa nimekaa na watoto.

Cha kuandaa vizuri ni anachofanya roboti wakati anangoja. Shimon, roboti wa Georgia Tech anayepiga marimba, alipewa kichwa kinachotikisika kwa mdundo ili wanamuziki wenzake waone kwamba yuko nao. Wako naye aonyeshe anasikiliza. Akishasema "Paukwa!", aegemee mbele nyuzi 6, akigeuze kichwa kidogo upande mmoja, abaki hapo akipumua. Wakiitikia kwa unyonge, kitufe cha pili kimrudishe wima, autazame mstari mzima kutoka kushoto hadi kulia, aseme tena "Paukwa!" Hapo jibu huja kwa kishindo.

Hatua ya 10: Mazoezi, na kufuta

Mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, sauti ikiwa imezimwa. Muulize maswali matatu: wangapi wanazungumza, kuna kitu gani upande wa kushoto, na wakati gani jambo lilibadilika. Akikosea la kwanza, T za wahusika wako zimekaribiana mno. Akikosea la pili, ramani yako imeyumba. Akikosea la tatu, futa mwendo wowote ulio ndani ya sekunde tatu kabla ya pale pumzi inapokatika, kwa sababu kuna kitu kinapiga kelele mbele ya ukimya wako.

Nami nilifuta sana. Programu ya kwanza ilikuwa na miendo zaidi ya mia kwa hadithi ya dakika sita, ya mwisho haikufika arobaini.

Siku ya kuonyesha, weka roboti juu ya meza ili pua yake iwe usawa wa macho ya watoto waliokaa mkekani, na taa moja itoke upande, isitoke juu. Kagua skrubu za shingo. Funga mkanda kuzunguka meza vidole vya watoto visifike kwenye kiuno, maana ile mota kubwa inabana. Kisha kaa pamoja nao.

Mara ya kwanza nilipoonyesha hadithi nzima, tulikuwa barazani jioni, watoto kumi na wawili. Ilipofika sekunde ya 6.9 kichwa kikaanza kugeuka kushoto, polepole, bila sauti yoyote. Mtoto wa mstari wa mbele, wa miaka mitano hivi, aliacha kumtazama roboti. Akageuka naye, akanyoosha shingo, akawa anautafuta mkuyu.